Kwa Baiskeli Hadi Ruiru, Kutafuta Saa ya Mpiga Mbizi

Nilifunga safari hii kwa sababu ya picha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Thika, alikuja mhandisi wa kigeni kutufungia mitambo mipya ya kufuma. Alipomaliza kazi akarudi kwao na kuacha rundo la majarida ya saa. Chochote kilichoachwa kiwandani kilikuwa mali ya stoo, na stoo ilikuwa mimi. Niliyasoma yote, kamusi ikiwa magotini, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimejitangaza kuwa mkusanyaji wa saa za zamani.

Nilikuwa nazo sita. Majirani walinidhania kuwa fundi wa saa asiyejua kazi yake, kwa maana waliniletea saa zilizokufa nami nikawarudishia zikiwa bado zimekufa, pamoja na maelezo marefu kuhusu zilikotengenezwa. Nilivumilia. Lakini jarida moja lilikuwa na picha ya saa nyeusi, nene, yenye pete ya nje inayozunguka, na chini yake maneno kwamba mtu hajawa mkusanyaji mpaka apate saa ya mpiga mbizi. Iwe kuukuu, na iwe haijaguswa na fundi. Neno "haijaguswa" lilichapwa kwa herufi nzito.

Kutoka Thika hadi baharini ni safari ya usiku kucha kwa treni. Mimi mwenyewe sijui kuogelea. Mito yetu miwili naivuka kwa daraja, tena katikati ya daraja. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililonizuia kuitaka saa ile kwa moyo wangu wote.

Siku moja nilimwonyesha ile picha Salim, dereva wa lori la kiwanda, ambaye nyumbani kwake ni Ruiru. Aliitazama akacheka. "Hii? Jirani yangu anayo. Mama Zainabu, yule mjane. Ilikuwa ya mzee wake, ya kuingia nayo kwenye maji." Nilimshika mkono. Nikamwambia amwambie huyo mama kwamba ninakuja Jumamosi kuinunua, na kwamba tafadhali asiiguse. Nilirudia mara mbili: asiiguse. "Nitamwambia," Salim alisema. Salim ni mtu mwema, na shida ya watu wema ni kwamba ujumbe wako hawaufikishi mtupu.

Jumamosi asubuhi, Thika. Mke wangu, Mama Njeri, alinikuta uani nikipaka mnyororo wa baiskeli mafuta.

"Baba Njeri, ati unaenda kununua saa ya kuogelea?"

"Ya kupiga mbizi."

"Wapi?"

"Ruiru."

"Ngai! Ruiru kuna bahari siku hizi?"

Nilimweleza kwamba mkusanyaji hapigi mbizi, hukusanya. Nilimweleza pia kwamba nakwenda kwa baiskeli kwa sababu jarida linasema mtu huipenda zaidi saa aliyoitolea jasho. Alinifungia nduma tatu kwenye karatasi, akaniambia nirudi na jasho langu kabla ya jua kuzama.

Saa mbili, Juja. Mnyororo ulitoka mara ya kwanza mbele ya chuo kikuu, mahali ambapo wanafunzi huwa wengi na huruma huwa chache. Kijana mmoja aliyebeba rula ndefu ya kuchorea alichuchumaa kunisaidia. Aliniambia anasomea uhandisi, akanirudishia mnyororo kwa kutumia rula, kisha akauliza, "Mzae, unaelekea wapi na hii mkebe?"

"Ruiru, kununua saa ya kuzama nayo majini."

Alifikiri kidogo. "Lakini si mtu anaweza kuzama tu bila saa?"

Wenzake walicheka hadi nikapotea machoni pao. Nilikanyaga pedali kwa heshima niliyobakiwa nayo.

Saa tatu, Murera. Hapa niliacha lami nikafuata njia ya ndani, kati ya mashamba ya kahawa. Udongo ni mwekundu na njia ni tulivu, na kila baada ya kilima kuna bwawa ambalo mashamba hutumia kunyunyizia mikahawa. Nilipumzika kando ya bwawa moja nikala nduma zangu. Kulikuwa na kibanda cha pampu, bomba nene lililoingia majini, na magugumaji yaliyotanda kama zulia. Nakumbuka nilijiambia kwamba hayo ni maji ambayo mwenye akili hawezi kuyaingia kwa hiari. Kisha nikapangusa mikono, nikaendelea na safari yangu ya kutafuta saa ya mpiga mbizi.

Saa nne na nusu, Ruiru. Nyumba ya Mama Zainabu iko upande wa reli, katika safu ya nyumba za mabati zilizopakwa chokaa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amejitanda leso mpya kwa ajili yangu. Nilipopiga hodi alikuwa tayari amesimama mlangoni.

"Karibu mwanangu, karibu ndani. Salim alisema mgeni mkubwa anakuja, nisafishe ile saa vizuri."

Nilikaa. 

Alileta chai ya tangawizi na mahamri, halafu akaleta kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Akakikunjua polepole mezani, kama anayefunua mtoto aliyelala. Na hapo niliiona saa yangu, ile ya kwenye picha, ile ile, ikiwa imeguswa kila mahali palipoweza kuguswa.

Uso wake ulikuwa umepakwa rangi upya, nyeusi ya kumetameta kama lango la gereji. Namba zilikuwa zimechorwa kwa kijani na mtu aliyekuwa na haraka alipofika kwenye tisa. Mgongo ulikuwa umesuguliwa hadi maandishi ya kiwanda yakatoweka. Niliinua saa nikaiweka sikioni. Ilikuwa inatembea, vizuri kabisa, bila habari ya yaliyoipata.

"Imependeza?" aliuliza.

"Inang'aa," nilisema, na hilo lilikuwa kweli.

"Uso ulikuwa umepauka. Nilimpelekea Opiyo, fundi wetu wa zamani, yuko Mwiki sasa. Amefanya wiki hii hii."

Nikashika ile pete ya nje. Kwa asiyejua, pete hiyo ina alama moja. Mpiga mbizi anapoingia majini huizungusha alama ikae mbele ya mshale wa dakika, na kuanzia hapo akitupa jicho mkononi anajua amekaa chini kwa muda gani. Niliizungusha kulia. Haikwenda. Nikajaribu kushoto. Haikwenda. Nilipoisogeza dirishani nikaona mstari wa gundi ya manjano, ngumu kama utomvu uliokauka, umeizunguka pete yote.

"Haizunguki," nilisema.

"Haizunguki," alikubali. "Zamani ilikuwa inazunguka huku na huku. Hiyo ilifungwa siku nyingi."

"Lakini Mama, hiyo ndiyo sifa yake! Pete za kuzunguka pande zote mbili hazitengenezwi tena. Zinatafutwa dunia nzima."

"Na kwa nini hazitengenezwi tena?"

Jibu nilikuwa nalo, kwa kuwa jarida lilikuwa nalo, katika sentensi moja ndogo upande wa chini. "Ni mambo ya usalama tu," nilisema.

Alinitazama kidogo. Kisha akaniongezea chai.

"Unajua kuogelea, mwanangu?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

"Hiyo ni vizuri," alisema, na sikumwelewa.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuparuka. Jarida lilikuwa na ukurasa wa kufundisha namna ya kujadiliana bei, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilivuta pumzi. Niliigeuza saa mkononi kama daktari mwenye habari mbaya. Nikasema kwamba kwa bahati mbaya imeharibiwa, na kwamba kwa hali hii haiwezi kuwa na thamani zaidi ya nusu ya ile bei aliyomtajia Salim. Nilingoja abishane. Hakubishana. Alisema, "Kama imeharibiwa, basi toa nusu," akaifunga tena kwenye kitambaa cheupe na kunipa kwa mikono miwili.

Niliondoka Ruiru nikipiga mluzi.

Saa saba, Mwiki. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nimwone huyo Opiyo, aondoe gundi, na kama bado anao uso wa zamani anirudishie. Ningekuwa na saa nzuri kwa nusu bei. Nyumba za Mwiki zimebanana, na njia ilikuwa ya vumbi na mawe, lakini sikusikia uchovu. Nilikuwa nikitunga namna ya kusimulia ushindi huo.

Nilimpata Opiyo kwenye kibanda kilichoegemea mashine ya kusaga mahindi. Kila mashine iliponguruma, saa zote alizotundika ukutani zilitikisika kwa pamoja. Alikuwa mtu mkubwa mwenye vidole vinene, na kioo cha kukuzia kimekaa jichoni kama kiungo cha mwili. Nilipokunjua kitambaa alitabasamu.

"Omera! Saa ya Mzee Juma. Umeona kazi ya rangi?"

"Nimeona."

"Ile tisa ilinisumbua. Mashine ilikuwa inasaga."

Nilimwuliza kuhusu uso wa zamani. Akasema alipaka juu ya huo huo. Wa zamani uko chini ya mpya, hautoki. Nilimeza hilo. Kisha nikamwuliza kama anaweza kuondoa gundi.

Opiyo alikitoa kile kioo jichoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuona macho yake yote mawili.

"Mama amekuambia uondoe?"

"Saa ni yangu. Nimenunua."

"Sikatai. Nauliza kama amekuambia gundi ni ya nini."

Nilimwambia nadhani ilikuwa kazi mbaya ya fundi fulani. Akasema fundi fulani ni yeye. Halafu akanivutia kibao, nikakaa, na mashine iliponyamaza akanisimulia.

Mzee Juma, mume wa Mama Zainabu, alikuwa mtu wa pampu katika shamba moja kubwa la kahawa. Bwawa likiziba, bomba likishikwa na magugu na matope, yeye ndiye aliyeingia chini kulizibua. Meneja wa shamba, mzungu aliyependa kwenda pwani kupiga mbizi, alimfundisha kutumia mtungi wa hewa, na alipohama nchi akamwachia mtungi na saa. Mtungi haukuwa na kipimo. Kipimo kilikuwa saa. Walijua hewa inatosha dakika ngapi, na Mzee Juma alipoingia majini aliweka alama ya pete mbele ya mshale, kama nilivyoeleza hapo juu kwa ufahari mwingi.

"Siku hiyo akiwa chini, mkono uligonga vyuma vya mdomo wa bomba," Opiyo alisema. "Pete ikateleza mbele. Dakika kumi. Saa ikawa inasema ni kama ameingia sasa hivi. Anaangalia, anaona bado ana wakati, anaendelea na kazi. Hewa ikaisha."

"Akafa?"

"Walimvuta kwa kamba. Hakufa siku hiyo. Lakini kifua hakikupona, na maji hakuingia tena. Alikuja kwangu mwenyewe na hiyo saa, wakati huo bado nilikuwa na kibanda Ruiru. Akaniambia, Opiyo, tia gundi. Itembee, lakini isidanganye mtu mwingine."

Mashine ikaanza tena kusaga, na saa za ukutani zikatikisika. Opiyo alingoja hadi iliponyamaza.

"Gundi inatoka," alisema. "Nusu saa tu, na spiriti. Sasa niambie boss, nitoe ama niache?"

Niliwaza mambo mawili kwa pamoja, na kwa kuwa haya ni masimulizi ya kweli nitayasema yote mawili. La kwanza: lo, kumbe saa hii ina historia, jarida lingefurahi! La pili, kwamba gundi hiyo ndiyo niliyoiita uharibifu mbele ya mjane wake, lilichelewa kidogo, na lilipofika lilinifanya niliangalie lile la kwanza kwa aibu. Nikamwambia aache. Nikaikunja saa, nikageuza baiskeli kuelekea nilikotoka.

Saa tisa, Ruiru tena. Mama Zainabu alikuwa amekaa barazani akichambua mchele kwenye ungo. Leso mpya alikuwa ameivua na kuvaa ya kazi. Hakushangaa kuniona.

"Umeifungua?" aliuliza.

"Sijaifungua. Opiyo ameniambia."

"Opiyo huongeza."

"Aliniambia kuhusu pete, na dakika kumi."

"Hapo hajaongeza."

Alisogeza ungo, nami nikakaa kwenye ngazi chini yake. Alisema siku hiyo yeye alikuwa hapo hapo bwawani, akiwauzia vibarua chai. Wanaume waliokuwa wameshika kamba walikuwa wakisema bado, bado, ana muda. Waliamini saa iliyokuwa chini.

"Mimi sikuwa naangalia saa," alisema. "Nilikuwa naangalia mapovu. Yakapungua, yakapungua, yakakoma. Nikamwaga sufuria nzima ya chai nikikimbilia kamba. Walinipigia kelele, ati mama unavuruga kazi. Nilivuta. Baadaye na wao wakavuta."

Aliokota jiwe dogo kwenye mchele akalitupa uani.

"Nilikaa naye miaka minne baada ya siku hiyo. Alikuwa ananitania kwamba mimi ni saa mbovu, nilienda mbele ya wakati. Lakini hii hakuivua. Tangu afariki, nimekuwa nikiitikisa kila asubuhi isisimame. Inaenda kwa kutikiswa; ukiiacha inalala. Mkono umechoka, mwanangu. Nikasikia kuna mtu anaitaka sana, nikasema aichukue, ila awe mtu ambaye hataingia nayo kwenye maji."

Nilitoa ile nusu nyingine ya bei, iliyokuwa bado mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi ya kumshawishi akiikataa. Hakuikataa. Aliipokea, akaifunga kwenye pindo la leso, akasema, "Ahsante. Sasa bei imekaa sawa," na hotuba yangu ikabaki bila kazi.

"Nisamehe kwa lile neno, Mama. Kwamba imeharibiwa."

"Hukujua." Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ila ile rangi kweli ni mbaya. Ile tisa nimeiona. Nilinyamaza kwa sababu ulikuja mbali."

Tulicheka. Alinifungia mahamri yaliyobaki, nikamwambia nitapita tena, akasema nipite bila kununua kitu.

Saa kumi na mbili kasoro, Thika. Mama Njeri alikuwa uani. Aliniuliza kama nimeipata, nikamwonyesha, na nikamsimulia yote nikiwa bado nimeshika baiskeli.  Alijaribu pete kwa kidole gumba, taratibu, akaiona haiendi.

"Kwa hivyo inafanya nini?"

"Inaonyesha ni saa ngapi."

"Basi."

"Basi."

"Inatosha," alisema, na kesho yake nilimkuta jikoni akiitikisa, ati isilale.

Saa hiyo ninayo hadi leo, pamoja na zile sita. Wakusanyaji wawili kutoka Nairobi wamekwisha kuja kuiona. Wote wawili walisikitika, na wote wawili walinijulisha kwamba gundi hutoka kwa spiriti katika nusu saa. Niliwashukuru. Siwalaumu, walikuwa wamesoma majarida yale yale.

Nilichojifunza mimi ni kidogo, wala sidhani kitachapwa kwa herufi nzito. Nikienda siku hizi kuona saa ya zamani kwa mtu, siiulizii kwanza. Namwulizia mwenyewe aliyeivaa, nakunywa chai yote ninayopewa, nangoja wenyeji waanze wao kuitaja. Njia hii ina hasara. Nimeshapoteza saa mbili nzuri sana, moja ya Gatundu na moja ya hapa hapa mjini, zote zikinunuliwa na watu wenye haraka mimi nikiwa bado kwenye kikombe cha pili.